Mstari wa Kumi na Saba

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hawakutaja ni fupi kiasi gani. Ya Desimali ilikuwa kilomita tisa. Siku ile alikuwa anaimalizia kwenye kiti cha nyuma cha gari la ofisi, magoti yamebanana, na ripoti ya kurasa mia moja na kumi na mbili imemlalia mapajani kama mtoto wa jirani ambaye mama yake haijulikani atarudi lini.

Desimali si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kazini, idara ya mipango ya mkoa, wiki yake ya kwanza, alipoandika kwamba kila kaya ina watoto wanne nukta tatu saba, na dereva wa ofisi akamuuliza kwa upole hiyo nukta tatu saba ya mtoto huwa inalala upande gani wa kitanda. Jina likamganda kama lami kwenye soli ya kiatu. Miaka sita baadaye hata mlinzi wa getini alimwita hivyo, tena kwa heshima zote.

Dereva huyohuyo ndiye aliyeshika usukani leo.

"Desi, mbona kimya?" alisema. "Mtu akikaribia kwao hupiga mluzi."

"Nasoma ripoti."

"Umeishika juu chini."

Desimali akaitazama haraka. Ilikuwa sawasawa. Dereva akacheka peke yake mpaka kona iliyofuata.

"Mwache," alisema mkuu wa idara kutoka kiti cha mbele. Alikuwa mama mtu mzima, miwani ikimning'inia kifuani kwa kamba, na ofisi nzima ilimwita Mama Mipango. "Leo huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Mimi nitawasomea, yeye atawafafanulia. Watu husikia zaidi wakiambiwa na mtoto wao."

Desimali akasema ndiyo, mama.

Mkoa ulikuwa na miji thelathini na mmoja, mikubwa kwa midogo, na lami ya kutosha barabara moja. Barabara hiyo, ya kutoka mpakani hadi bandarini, ingeweza kupita juu, kwenye miji ya milimani, au chini, bondeni. Ili kuamua, idara ilimpa Desimali kazi ya kuitengenezea miji hesabu ya mvuto. Ukiiona ubaoni unaweza kuzimia, lakini yenyewe si kitu cha kutisha. Miji miwili huvutana kama majirani wenye majiko: jiko kubwa humvuta mtu zaidi, jiko la mbali humvuta kidogo. Unachukua ukubwa wa mji huu, unazidisha kwa ukubwa wa ule, unagawanya kwa umbali, halafu unalinganisha na mizigo halisi inayopita kati yao, unarekebisha hapa na pale mpaka hesabu na dunia zielewane. Ukishamaliza, unaweza kuiuliza kompyuta: nikiweka lami hapa, nani atapata nini? Nayo itakujibu bila kupepesa macho, maana haina.

Roho ya kazi nzima ilikuwa ile mizigo halisi. Ilipangwa kwenye jedwali moja kubwa, mistari thelathini na mmoja ya miji inakotoka na safu thelathini na moja za miji inakokwenda, na kila mji ukapewa namba badala ya jina. Gunia lilihesabiwa linapotoka tu, si linapofika, lisije likahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo kila mji ulipelekewa mtu mmoja, akae uwanja wa kupakilia siku saba, ahesabu magunia na aulize kila moja linakwenda wapi. Mji ambao mtu wake hakuuhesabu haukuwa na mwingine wa kuusemea.

Mji wa kumi na saba, mmoja wa ile ya milimani, ulikuwa kwao Desimali. Mama Mipango alimpangia yeye kwa sababu hiyo hiyo. "Wewe huko unajua hata mbwa wao kwa majina," alimwambia. Na katika jedwali lote, mstari ambao hakuna aliyeuhesabu ulikuwa huo huo wa kumi na saba.

Gari likafika njia panda. Nyumba ya wageni ya rangi ya kijani ilikuwa palepale, na mhudumu alikuwa anafagia ngazi. Akainua uso, akamwona Desimali dirishani, akampungia ufagio kama anayemuaga ndugu.

"Kumbe unajulikana huku," alisema dereva.

"Amenifananisha."

"Na nani? Uso kama huo Mungu aliutengeneza mmoja, akasema basi, inatosha."

Mhudumu hakuwa amemfananisha na mtu. Wiki ile ya kuhesabu, Desimali alishuka kwenye basi papo hapo, kalamu tatu mfukoni na fomu mia mbili begani. Zilibaki kilomita tisa. Akasema atakunywa chai kwanza. Baada ya chai akasema jua kali. Siku ya pili akasema ni busara kuanza kwa kuzipanga fomu, akazipanga. Siku ya tatu akazipanga upya kuanzia nyuma. Alikaa chumba namba nne siku zote saba, na kila asubuhi alivaa viatu, akafunga kamba, akakaa kitandani akivitazama, kisha akazifungua.

Kilichomfunga miguu kilikuwa kaburi. Miezi minane kabla ya wiki ile alifariki baba yake mdogo, mume wa mama yake mdogo. Hao wawili ndio waliomlea tangu akiwa na miaka mitano. Baba mdogo ndiye aliyempeleka shule kwa baiskeli, akimkalisha mbele kwenye bomba na si nyuma kwenye kiti, ili, alisema, mtoto aone njia, asione mgongo wa mtu. Siku ya maziko Desimali alituma ujumbe kwamba yuko kwenye semina. Na semina ilikuwepo kweli. Ila ilikwisha jana yake alasiri, na basi la kwenda nyumbani lilikuwepo, na yeye akabaki kwa ajili ya picha ya pamoja ya asubuhi. Kwenye picha ile yuko safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, meno nje. Ikatundikwa ukutani ofisini. Kila alipokwenda kuchukua maji ya kunywa alipita mbele ya meno yake mwenyewe.

Sasa mtu kama huyo aende kwao na uso gani? Wiki ikaisha, miezi ikapita, mstari wa kumi na saba ukabaki mtupu. Kompyuta haipendi pengo. Akaandika sifuri, kwa muda tu, alijiambia, mpaka Jumamosi moja atakapokwenda kuhesabu kimyakimya. Lakini hesabu ile haiwezi kumeza sifuri. Ikikutana nayo hukwama kooni, na dawa ya wachumi kwa ugonjwa huo ni kuongeza moja kila mahali. Kwa hiyo mji uliomlea na kumsomesha ukawa, kwa mujibu wa jedwali, unapeleka gunia moja kwa wiki katika kila mji mwingine, na hilo moja lenyewe ni la hisani ya kompyuta. Kwenye fomu ya kuthibitisha kazi alitia sahihi yake nzuri, yenye mkia. Jumamosi ile haikufika. Ripoti ikafika. Lami ikaamriwa kupita bondeni.

Uwanja wa kupakilia ulikuwa ubavuni mwa ukumbi wa mikutano, na ukumbi haukuwa na njia nyingine ya kuingilia. Malori mawili yalikuwa yamefungua matumbo. Mizani ilining'inia chini ya bati, na karibu nayo, juu ya debe lililopinduliwa, mama yake mdogo alikuwa anashona mdomo wa gunia la maharage. Watu walimwita Mama Shazia kwa ajili ya shazia yake, ile sindano ndefu ya magunia, ambayo asipokuwa anashona huichomeka kwenye kilemba, mpaka wapakiaji wakamwambia iko siku radi itamchagua.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama kutoka juu mpaka chini, vile anavyotazama gunia akitafuta tundu. "Shavu limenona, shingo imekonda. Wanakulisha nini huko, karatasi?"

Desimali akajaribu kucheka.

"Mama mdogo, kuhusu baba..."

"Watu wameshakaa ndani. Kikao kwanza." Akakata uzi kwa meno. "Ila kiti chako hicho hapo, ukitaka kuingia nacho. Mle ndani viti haba."

"Kiti gani?"

Kilikuwa nyuma ya mizani, kiti cha mbao cha shule, namba imepakwa rangi mgongoni. Hakikuwa na vumbi. Kila kitu uwanjani pale kilikuwa na vumbi, hata kuku, lakini kiti kile hakikuwa nalo.

"Barua ya ofisi yenu ilisema mtaalamu atakaa siku saba," alisema mama mdogo. "Nikawaambia mtaalamu mwenyewe ni mwanangu, hatakaa juu ya gunia kama sisi. Tukaazima shuleni. Mpakiaji wetu Winchi anakifuta kila asubuhi, keshazoea. Wenyewe hawajakiulizia, na sisi tuliona vibaya kukirudisha. Usije ukafika ukakikosa."

Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa. Hakukuwa na mwiba ndani yake, na Desimali aliutafuta kweli, maana mwiba ungemsaidia. Angekuwa na cha kung'oa.

Ukumbini walikuwepo watu sitini hivi. Mwenyekiti wa soko alifungua kikao kwa kukohoa, Mama Mipango akasimama, akavaa miwani, akaeleza habari za lami, za juu na za chini, kwa lugha nyepesi na sauti ya mtu anayewaheshimu wanaomsikiliza. Halafu akafungua ukurasa wa arobaini na tatu. Desimali aliujua kwa moyo. Aliuandika mwenyewe.

"Mji wa kumi na saba," alisoma Mama Mipango, "hauonyeshi mwingiliano wa kiuchumi unaoweza kupimika na miji jirani."

Mzee mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mji wa kumi na saba ndio upi?"

"Ni hapa, mzee wangu."

"Ahaa. Na huo mwingiliano ndio nini?"

"Ni kwamba mzigo wenu hautoki sana. Kwa hesabu tuliyoipata, kwa wiki ni gunia moja kwenda bandarini, moja mpakani, moja kiwanda cha mafuta. Na kadhalika, moja moja."

Watu wakacheka, cheko la wazi la watu waliotaniwa na mgeni mchangamfu. Kisha wakamwona Mama Mipango hacheki, na cheko likaanza kufa kutoka safu ya mbele kwenda nyuma.

Katikati ya ukumbi akanyanyuka mwanamume mwenye mabega kama mlango wa ghala.

"Samahani, mama. Mimi hapa naitwa Winchi, ni mpakiaji. Jina hili sikulipata kwa kunyanyua gunia moja kwa wiki. Kama ni moja, basi mgongo huu umeniuma bure, na mke wangu kila jioni ananikanda bure, na leo nikirudi nyumbani sijui nitamwambia nini." Wengine wakacheka kidogo. "Jumatano iliyopita peke yake nimepakia malori mawili ya alizeti kwenda kiwandani. Sasa nauliza bila ubaya. Nani alikuja kutuhesabu?"

"Mtaalamu wetu huyu," alisema Mama Mipango, na akageuka kwa fahari kidogo. "Ni mtoto wenu. Alikaa hapo nje siku saba. Sahihi yake ninayo."

Nyuso sitini zikamgeukia Desimali. Hakuna hata mmoja uliokuwa na mshangao, na hilo ndilo lililomchoma. Mji mzima uliona kiti. Mji mzima ulipita mbele ya kiti kile siku saba, na siku nyingine zote baada ya saba, ukijua ni cha nani.

"Alikaa wapi?" aliuliza Winchi, taratibu, kama asiyetaka kujibiwa.

Hapo Mama Shazia akasimama.

"Alikuja," alisema. "Mimi nilimwona."

"Mama Shazia..."

"Kaa chini, Winchi. Wewe ulikuwa juu ya lori, na mtu wa juu ya lori haoni wa chini. Alikuja, akahesabu. Labda wiki ile mzigo ulikuwa haba. Biashara ina siku zake."

Desimali aliielewa hesabu hiyo papo hapo, na haikutaka kompyuta. Ikiwa alikuja, gunia moja ni kweli. Ikiwa gunia moja ni kweli, lami inapita bondeni. Lami ikipita bondeni, malori yataifuata kama inzi wafuatavyo ndoo ya maziwa, na mwanamke anayeishi kwa kushona midomo ya magunia atabaki na shazia kilembani akingoja radi. Mama mdogo alilijua hilo kuliko yeyote mle ndani. Alikuwa anautoa mji, na kazi yake mwenyewe, ili mtoto wa dada yake asiumbuke mbele ya bosi.

Na mji, ajabu, ukamfuata. Mwenyekiti wa soko akakohoa, akasema kama Mama Shazia amemwona, basi amemwona. Muuza mafuta ya taa akasema hata yeye anakumbuka kama kukumbuka. Winchi akakaa, akatazama mikono yake. Mzee wa mbele akafikiri, akaitikia kwa kichwa, kwa uhakika. "Nilimwona na mimi," alisema. "Alikuwa na kofia."

Mama Mipango akachomoa kalamu. "Basi nitaandika kwamba hesabu imethibitishwa na wakazi wenyewe."

Kalamu ile ilipogusa karatasi, Desimali alisimama. Hakukumbuka kuiambia miguu isimame. Ilikuwa imekataa kwenda kilomita tisa, na sasa ilimsimamisha bila ruhusa.

"Sikuja," alisema.

"Sauti," alisema mtu wa nyuma.

"Sikuja. Wala sina kofia."

Hakuna aliyecheka.

"Niliishia njia panda, nyumba ya wageni, chumba namba nne. Siku zote saba. Mji huu haujahesabiwa na mtu. Lile gunia moja si lenu, ni mimi niliyeliweka, kompyuta ilikataa pengo. Na mama yangu mdogo hakuniona. Amesema hivyo kunificha."

Mzee wa kofia akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa nzito kuliko gunia la Winchi. "Kilomita tisa zikakushinda, mwanangu? Ulikuwa unaumwa?"

Mlango huo ulifunguliwa kwa nia njema, na ulikuwa mpana. Homa ingetosha. Tumbo lingetosha.

"Sikuumwa, babu. Niliona haya. Sikuja kumzika baba mdogo. Niliwaambia nina semina, na semina ilikuwa imekwisha jana yake. Nilibaki kupigwa picha."

Alitamani wamzomee. Kuzomewa kuna mwanzo na mwisho, na mtu huweza kukimbia. Watu wale walikaa tu. Mwanamke mmoja akasema "mh" ya chini sana, kama mtu anayeweka chini sufuria ya moto. Mama Shazia aliketi, akaichomoa shazia kilembani, akaitazama ncha yake, akairudisha.

Mama Mipango aliifunga ripoti. "Mwenyekiti," alisema, "naomba kikao kiahirishwe. Kurasa hizi zinarudi nilikozitoa."

Nje, pembeni mwa gari, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu ingawa haikuwa chafu.

"Ukurasa ule nimeusoma mbele ya kamati mbili," alisema. "Kwa mdomo wangu huu. Waliniuliza, una uhakika? Nikasema, mtu wangu ametoka huko huko."

"Nisamehe, mama."

"Barua yako ya onyo nitaiandika mwenyewe. Nzito."

"Nastahili."

"Sijakuuliza unastahili nini. Nakuuliza, fomu unazo?"

Zilikuwemo kwenye begi lake garini, zile zile mia mbili, zimepangwa vizuri kutoka mbele na kutoka nyuma.

"Siku saba, kuanzia kesho. Zikija zimejaa, tunakokotoa upya, mstari kwa mstari, na mimi nimekaa pembeni yako. Lami ikihamia juu, sawa. Ikibaki bondeni, ibaki kwa haki, si kwa woga wako." Akaingia garini, akafunga mlango taratibu, jambo ambalo wote waliomfahamu wangekwambia ni baya kuliko kuubamiza.

Dereva alimshushia begi. Siku hiyo alikuwa na mzaha tele, ungeweza kuuona unamchezacheza mdomoni, lakini aliumeza. Akavua kofia yake, akamkabidhi.

"Vaa kesho," alisema. "Mzee wa watu asibaki mwongo."

Nyumbani mama mdogo alimwandalia maji ya kuoga na chakula, akamtandikia kitanda kile kile, ambacho sasa kilimwacha miguu nje. Alizungumza habari za paa linalovuja na za jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa. Alipomaliza kuosha vyombo ndipo akasema, mgongo umemgeukia:

"Umri wote huu sijawahi kuumbuliwa kikaoni kuwa mwongo. Leo umeniumbua, tena mbele ya muuza mafuta ya taa."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Hilo la uongo nimekusamehe. Na mimi nilizidi. Lile la kofia silijui, hilo la mzee mwenyewe."

"Na lile jingine?"

Alipanga sahani moja, akapanga ya pili.

"Jingine bado," alisema.

Asubuhi kiti kilikuwa kimeshafutwa. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo kila alipoandika kilimwinamisha upande kama anayewasujudia wapakiaji. Nao waliona wanastahili.

"Gunia Moja, karibu kazini," alisema Winchi, akiwa na magunia mawili begani. Ndivyo Desimali alivyopoteza jina la miaka sita kwa usiku mmoja. "Andika: haya mawili, bandarini. Au nikupe moja moja, usichanganyikiwe?"

"Leta yote."

"Kofia nzuri hiyo. Ulikuwa nayo na ile wiki nyingine."

Waliokuwa juu ya lori wakacheka, na yeye akaandika mbili, bandarini, masikio yakimwaka. Kila aliyepita alikuwa na lake. Muuza mafuta ya taa alimuuliza kama anahesabu na magunia yaliyolala au yaliyosimama tu. Kila neno alilipokea, maana kila neno lilikuwa lake kihalali, na katikati ya maneno hayo magunia yalizidi kuja. Ilipofika saa tano alikuwa ameandika sabini na nne. Saa tano tu. Alirudia kujumlisha mara tatu, si kwa shaka, kwa aibu.

Hakuwa akiwauliza wapakiaji mzigo unakwenda wapi. Mama mdogo alimwonyesha. Kila gunia alilifunga kwa uzi wa rangi ya linakokwenda, ili hata mpakiaji asiyejua kusoma asikosee lori: nyekundu bandarini, buluu mpakani, njano kiwanda cha mafuta. Lile jedwali lote la ofisini, lenye safu thelathini na moja, lilikuwa pale uwanjani likining'inia kwenye midomo ya magunia tangu Desimali hajajua kuandika.

"Na nyeusi?" aliuliza.

"Nyeusi ni chuoni. Na hospitali kuu pia."

"Miji miwili, rangi moja?"

"Ya chuoni ilikuwa kijani." Alivuta uzi, akaukaza. "Baba yako mdogo ndiye aliyekuwa anazitia nyuzi rangi. Kijani ilikwisha mwezi aliotutoka, na alichokuwa anachanganya sikijui, sikuwahi kumuuliza. Unadhani mtu yupo tu. Sasa ya chuoni naifunga fundo moja, ya hospitali mafundo mawili."

Desimali alitazama fomu yake. Ilikuwa na nafasi ya aina ya mzigo, ya uzito, ya mji unakokwenda. Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, fundo moja, mafundo mawili. Halafu akaichomeka kalamu mfukoni.

"Mama mdogo," alisema. "Nipeleke."

Hakumuuliza wapi. Alimaliza mshono aliokuwa ameuanza, kwa sababu gunia halifungwi nusu, akaichomeka shazia, akasimama akijishika kiuno.

"Winchi, likija lori?"

"Nitaandika mimi. Nukta sina, lakini moja mbili tatu nazijua."

Desimali aliacha kofia juu ya kiti, watu wajue mwenyewe anarudi.

"Ni karibu," alisema mama mdogo walipofika kwenye ukuta wa uwanja. "Hatua mia tatu na kumi na mbili kutoka hapa mpaka kaburini. Leo hesabu wewe. Mimi nimezihesabu peke yangu vya kutosha."

Akaanza. Alihesabu kwa sauti ndogo, akipita nyuma ya ghala, kando ya karakana ya baiskeli, mbele ya shule yenye upungufu wa kiti kimoja. Mahali fulani baada ya mia na arobaini alimwona mtu anapita na baiskeli, mtoto amekaa mbele kwenye bomba, macho kodo njiani, na alipoitafuta namba inayofuata hakuiona. Aliendelea kutembea hatua kadhaa, midomo ikichezacheza bila kitu. Ilikuwa rahisi kubuni. Mia na hamsini ingefaa kabisa.

"Nimepoteza hesabu, mama mdogo," alisema.

"Basi rudi mwanzo."

Kutoka pale walipokuwa, uwanja ulionekana wote, na wapakiaji juu ya lori walikuwa wameacha kazi wanamtazama. Desimali akageuka, akarudi mbele ya macho yao mpaka kwenye ukuta, na mama mdogo akasimama palepale njiani kumsubiri.